Barua ya Wazi kwa NTSA: Kanuni za Basi la Shule Zifike Hadi Mtoni

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA),
Nairobi.

KUH: USALAMA WA MABASI YA SHULE KITUI NA MAKUENI

Usalama wa basi la shule aghalabu hupimwa kwa hali ya gari lenyewe, yaani breki, magurudumu, mikanda na leseni ya dereva. Lakini katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako mito mingi huwa mchanga mtupu kwa miezi kadhaa kisha hufurika kwa saa chache mvua inaponyesha mbali vilimani, hata gari lisilo na kasoro laweza kusombwa pamoja na abiria wake.

Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, basi la seminari lililobeba wanakwaya wa Kikatoliki waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, karibu na Mwingi, lilipokuwa likivuka drifti, yaani kivuko cha saruji kinachojengwa chini, karibu usawa wa mchanga wa mto ili mafuriko yapite juu yake. Watu zaidi ya 30 walifariki. Kwa kuwa mabasi ya shule hutumika pia wikendi kwa harusi, matanga na safari za kwaya, kanuni za usafiri wa wanafunzi, ambazo rasimu yake Mamlaka iliwasilisha kwa wananchi mwaka 2025, zinapaswa kulifuata basi popote liendapo, hata siku ambayo halina mwanafunzi hata mmoja.

Drifti ikifunikwa na maji ya rangi ya udongo, dereva haoni ukingo wa saruji wala shimo lililochimbwa na mkondo, na ilhali maji ya kina cha sentimita 60 yanayokwenda kwa nguvu yanatosha kuyaburura magari mengi, yeye hubaki kukadiria kwa macho huku abiria wakimhimiza na mwajiri akimpigia simu. Uamuzi mzito namna hiyo haufai kuachiwa mtu anayeogopa kupoteza kazi.

Kwa hiyo Mamlaka, ikishirikiana na serikali za kaunti na mashirika ya barabara, inaombwa kuhakikisha kwamba kila drifti inayotumiwa na mabasi ya shule inawekewa nguzo za kupimia kina zenye alama nyekundu, na kwamba ni marufuku kuvuka maji yakifika alama hiyo. Dereva anayekataa kuvuka alindwe dhidi ya kufutwa kazi au kukatwa mshahara, nayo shule iwe imeteua mapema mahali ambapo watoto watasubiri, hata kulala, na namna ya kuwaarifu wazazi, ambao nao wana wajibu wa kutomshinikiza dereva.

Upande wa Makueni, ambako barabara kuu ya Mombasa hupita Salama, Emali na Kibwezi ikiwa imejaa malori, ramani ya vituo iidhinishwe pamoja na leseni ya basi, ili mtoto ashukie upande wa kwao badala ya kuivuka lami peke yake.

Mvua za vuli huanza Oktoba, na nguzo hizo zinafaa kuwa zimesimama kabla ya mwezi huo.

Wasalaam,
Mkazi wa Ukambani

Nakala: Magavana wa Kaunti za Kitui na Makueni