Doh ya Diani, Sheria ya Paris: Kodi Ni ya Nani?

Wasee wa Ukunda, hebu tupige hesabu kidogo. Mtalii akiwa Berlin anabonyeza simu, anabuku nyumba Diani usiku nne. Mwenye nyumba anapata doh yake, lakini app imeshakata komisheni. Kampuni yenyewe haina hata kibanda Kwale. Sasa hiyo komisheni itozwe kodi na nani?

Kenya ilijibu Januari 2021: umeuza hapa, lipa hapa. Kampuni za mtandaoni za nje zikaanza kukatwa 1.5% ya mauzo yao ya huku.

Oktoba 2021, OECD, shirika la nchi tajiri lenye makao Paris, likaleta dili ya dunia nzima. Nchi zaidi ya 130 zikaingia box. Kenya ikakataa, pamoja na Nigeria, Pakistan na Sri Lanka. Mbona? Dili ilitaka nchi zifute kodi kama hiyo yetu, halafu zigawiwe kipande cha faida ya kampuni zinazouza zaidi ya euro bilioni 20 kwa mwaka. Kampuni za saizi hiyo ni chache. Wengine wote wangetuponyoka.

Desemba 2024 Nairobi ikaongeza makali: kodi mpya ikachukua nafasi ya ile, na ukikokotoa inafika 3% ya mauzo. Mwezi uliofuata, Trump siku yake ya kwanza ofisini akasema dili ya OECD haina nguvu Marekani. Yaani tungetupa yetu tukingojea kitu ambacho wenye kampuni kubwa wamekiruka.

Si eti kodi hii haina maumivu. App ikikatwa, inaweza kumpandishia mwenye nyumba komisheni. Lakini angalau huyo anajua mbunge wa kumuuliza. Paris atamuuliza nani?

Na hapo ndipo ngoma inarudi nyumbani. Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha hivi: 70% serikali kuu, 20% kaunti, 10% wenyeji. Titanium ya Kwale ikachimbwa, ikapakiwa meli Likoni, uchimbaji ukaisha Desemba 2024. Hiyo 10%, watu wa Msambweni waliingoja miaka na miaka.

Kwa hivyo Nairobi ikiiambia Paris isitupangie mfuko, mimi niko nayo. Ila isitufanyie Kwale kile ilichokataa kufanyiwa. Mheshimiwa akija kuomba kura, muulize: ile 3% ya Diani, inarudi Diani kiasi gani?