Asilimia 70 ya nani?

Wasee, kuna hesabu imezagaa kwa video za Marekani na sasa vijana wa Lodwar wanaikariri kama sala. Kadiria nyumba mbovu itauzwa ngapi ikisharekebishwa, chukua asilimia 70 ya hiyo, toa gharama ya marekebisho. Kilichobaki ndiyo ofa yako, usipande zaidi.

Sawa, tuipige. Tuseme nyumba ikitengenezwa itaenda 400,000. Asilimia 70 ni 280,000. Fundi anasema marekebisho ni 90,000. Ofa: 190,000.

Sasa nikuulize, marekebisho si ushayatoa? Hiyo 120,000 nyingine imeenda wapi? Kule Marekani anayenunua ili auze tena ana riba ya mkopo, ajenti, wakili na ushuru, ndiyo aone faida. Wewe unanunua uishi. Gharama hizo karibu zote hauna. Unamkata mama wa watu aliyebanwa na karo na bili ya hospitali, halafu ati biashara.

Kakuma ndiyo mbaya zaidi. Kambini mkimbizi hauzi ardhi, ardhi si yake. Anauza kilichosimama juu: mabati, mbao, mlango, kuta za udongo. Vitu vya kuhesabika kabisa! Na bado mtu anasimama nje, hata kichwa hajaingiza mlangoni, anasema "hii ni ya kubomoa" na kutaja nusu bei. Anajua tu mwenyewe ana haraka.

Sipingi kukata gharama. Nguzo zikiliwa na mchwa, bei ishuke. Lakini kata kwa karatasi. Fundi apande juu, ahesabu mabati yenye kutu moja moja. Adunge nguzo kwa bisibisi pale chini zinapoingia ardhini, mchwa huanzia huko. Bei ulizia duka la vifaa hapa hapa. Ukiagiza Kitale, weka na pesa ya lori. Angalia pia alama ya maji ukutani, kama laga hufika hapo hakuna fundi wa kukusaidia, achana nayo. Ongeza asilimia 10 kwa yale hamkuona.

Halafu mpe muuzaji hiyo karatasi aisome. Akileta fundi wake aseme 70,000, kaeni chini mbishanie 20,000. Ile 120,000 haitakuwa hata kwa mazungumzo.