Eti Lebanon Nayo Ina Waini?

Wasee, nimechoka na video ile ile. Mtu anazungusha glasi, ananusa, macho yanamtoka, halafu anasema, "Hutaamini hii waini imetoka wapi!" Imetoka Lebanon. Sasa ni nini hapo cha kutoamini?

Kwenye Bonde la Bekaa, kule zabibu zinakolimwa, kuna mji unaitwa Baalbek. Warumi walijenga hapo hekalu la Bacchus, mungu wao wa waini, karibu miaka 1,900 iliyopita, na bado limesimama. Wafoinike nao walikuwa wanasafirisha waini kwa meli kabla Roma haijawa kitu. Kwa hivyo mgeni wa hiyo stori ni wewe, si Lebanon.

Kama wewe hupenda haya mambo (na umefika 18, tusiletewe kesi), msome Serge Hochar. Huyu mzee alishika utengenezaji wa waini pale Château Musar mwaka wa 1959, kampuni aliyoanzisha babake, Gaston, mwaka wa 1930. Mashamba yako Bekaa, lakini mapipa yako Ghazir, ng'ambo ya mlima. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza 1975, vikaisha 1990, na hizo zabibu bado zilikuwa lazima zivuke. 1976 hakutoa waini. 1984 malori yalizunguka siku kadhaa kwa safari ya saa chache, zabibu zikaanza kuchachuka humo humo njiani. Mwaka uo huo Decanter, jarida la waini la Uingereza, likamtangaza mtu wa mwaka. Ndiye alikuwa wa kwanza kabisa kupewa hilo jina.

Na kuonja na huyu mzee hakukuwa kama kwenu. Kawaida wataalamu humwaga nyeupe kwanza, nyekundu baadaye. Hochar aligeuza: nyekundu kwanza, nyeupe mwisho, na isiwe ya baridi kali ya friji. Nyeupe yake ni ya obaideh na merwah, zabibu za hapo hapo Lebanon, na ikikaa miaka mingi inashika rangi ya dhahabu. Glasi ilitakiwa ingojewe, kwa sababu waini ya sasa hivi si ile ya baada ya saa moja. Nyekundu yenyewe hukaa karibu miaka saba ndipo iingie sokoni.

Miaka saba, manze! Hesabu hiyo pesa imelala kwa chupa, huku nje risasi zinalia. Huwezi kufanya hivyo kama unaona kitu chako ni cha kubahatisha. Hochar alifariki mwisho wa 2014, chupa za miaka ya vita bado zinafunguliwa, na kuna mtu bado anashtuka.

Najua Lebanon kwetu Kenya ni nini. Ni ajenti, ni kafala, ni dada wa mtu aliyenyang'anywa pasipoti. Hiyo ni kweli, na chupa tamu haifuti hata chembe. Lakini kuijua nchi kwa kidonda peke yake pia ni kutoijua.

Na hapa nyumbani tunafanya ujinga ule ule. Dodoma wana mizabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka. Naivasha pia zabibu za waini zimelimwa. Lakini msee wa Nairobi atabeba chupa ya Afrika Kusini, hajui hata ni ya zabibu gani, halafu ya Dodoma anaiita waini ya kanisa. Sawa, wamisionari ndio waliopanda. Kwani huko Ufaransa watawa walikuwa wanalima sukuma?

Halafu mnauliza mbona hatuna chupa za miaka 20. Nani ataweka chupa miaka 20 kama mnaicheka ikiwa na mwaka mmoja?

Wikendi hii ukiingia dukani, ulizia ya Dodoma. Wakicheka, waulize waliionja lini.