Nyumba ya Miti Yataka Miguu Mikavu



Wengi wetu tuishio Kirumba tunayo nyumba ya pili huko Magu, Kwimba au Sengerema: nyumba ya wazazi, ya miti, fito na udongo. Tuendapo likizo tunaikuta imeinama, nasi twaona haya na kusema kwamba dawa yake ni kuibomoa. Je, kosa ni la miti na udongo, au ni la namna tulivyojenga?

Waingereza nao walijenga hivyo hivyo. Mafundi wao walisimamisha nguzo za mwaloni (mti mgumu wa huko, si mwalo wetu wa samaki), wakasuka fito katikati, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha wakapaka chokaa. Karibu na mji wa Stratford-upon-Avon ipo nyumba ya namna hiyo, ambayo sehemu yake ya kale ni ya karne ya 15. Ndimo alimokulia Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, nayo ingali imesimama.

Siri yake i miguuni. Hapo kale Waingereza walichimbia nguzo ardhini kama sisi, zikaoza. Baadaye wakajenga kwanza ukuta mfupi wa mawe, wakalaza boriti juu yake, na nguzo wakazichomeka katika boriti hiyo. Kwa kuwa nguzo isiyochimbiwa haisimami peke yake, walizifunga pamoja kwa miti ya mshazari.

Sisi wa Mwanza tumezungukwa na mawe. Basi msingi wa nyumba ya miti na uwe wa mawe, paa litokeze nje ya ukuta, na mfereji uondoe maji ya mvua. Tena mchwa apandapo juu ya jiwe, njia yake huonekana, ukaivunja mapema.

Jihadhari pia na sementi. Plasta yake juu ya udongo hunasa unyevu, na mti huoza ndani pasipo kuonekana. Nyumba nyingi za kale za Uingereza ziliharibika hivyo katika karne ya 20. Chokaa huuacha ukuta upumue.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla hujaibomoa nyumba iliyokulea, ndugu yangu, inama kwanza uzitazame nguzo zake chini. Huenda iliyooza ni miguu tu.