Bunduki haitoi ujumbe wa hitilafu

Leo naweka PHP kando kidogo, niongee kuhusu Wamarekani wanaojijazia risasi zao nyumbani. Kwa wale wasiojua, ganda lililokwisha kutumika hutiwa fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani na kichwa kipya. Vitabu vya watengenezaji wa baruti hutaja kipimo cha kuanzia na kile kisichopitwa.

Kilichonivutia ni kwamba jambo lenye hatari zaidi halionekani. Kwa risasi ya .30-06, kikomo cha shinikizo kilichowekwa na SAAMI, shirika la viwango la watengenezaji wa huko, ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Gurudumu la gari lako lina kama 30 hivi! Na shavu la mpigaji liko sentimita chache tu kutoka hapo.

Maabara wana vihisio vya kupima. Mtu wa nyumbani hana, kwa hiyo wengi hukagua ganda: je, fataki imebapa? Komeo limekuwa gumu kufungua? Mimi naona huko ni kubahatisha. Fataki laini hubapa hata shinikizo likiwa la kawaida, na komeo huanza kugoma mara nyingi wakati kikomo kimeshapitwa. Ni sawa na kungoja seva izime ndipo ujue diski imejaa.

Kasi ni shahidi bora, na kronografu ya kuipima si ghali kama zamani. Kwa baruti ile ile, kichwa kile kile na mtutu wa urefu ule ule, kasi ya ziada haitoki mbinguni, inatoka kwenye shinikizo. Tuseme kitabu kinaahidi futi 2,700 kwa sekunde kwenye kipimo cha juu, nawe umezifikia kabla ya kipimo hicho. Simama hapo hapo, hata kama mizani inasema bado kuna nafasi.

Lakini kinyume chake si kweli, na hapa ndipo watu werevu huteleza. Ukipata 2,640 usiseme "bado nadaiwa 60" ukaongeza baruti. Pengine kitabu kilitumia mtutu wa inchi 24 na wako ni 22. Kila inchi hula takriban futi 20 hadi 30. Wanaprogramu mnaijua hali hii: jaribio likifeli kuna tatizo, likipita hujathibitisha kitu.

Halafu kuna programu za tarakilishi zinazokadiria shinikizo. Nazipenda, ila hazijui chemba yako ina upana gani wala baruti ya kopo lako ina nguvu kiasi gani. Wala joto: baruti nyingi huongeza shinikizo zikipata joto, kwa hiyo kipimo kilichojaribiwa Montana mwezi wa Januari kinahitaji kupimwa upya Arizona mwezi wa Julai.