Safu ya Afya: Makovu ya Chunusi na Ngozi Zetu

Wasomaji wetu watukufu, tangu kumalizika kwa Ramadhani tumepokea barua tatu zenye kuuliza jambo moja, nalo ni makovu ya chunusi. Mmoja wa walioandika ni mama mwenye kijana wa miaka 17. Anasema mwanawe hutawadha taa ikiwa imezimwa, ili asijione katika kioo kilicho juu ya beseni. Tulipoisoma barua hiyo tuliona si jambo la kungojea, tukaiweka kando makala ya shinikizo la damu ambayo tulikuwa tumekwisha kuipiga taipu.

Kwetu sisi chunusi huhesabiwa ni mambo ya ujana, na mwenye kulalamika huambiwa zitapita. Ni kweli kwamba kwa walio wengi hupita. Lakini aghalabu huacha nyayo, na mwenye uso ndiye anayezitazama kila asubuhi.

Kabla ya kutaja dawa yoyote, tunamwomba msomaji asogee penye dirisha mchana, ashike kioo kidogo, kisha apitishe ncha ya kidole juu ya zile alama. Ikiwa alama ni nyeusi au ya kahawia, lakini kidole hakihisi bonde wala kilima, basi hilo si kovu bali ni doa. Ngozi yenye weusi wa asili, ikivimba au ikitumbuliwa, humwaga rangi nyingi mahali palipoumia. Doa la namna hii hufifia lenyewe, ingawa huchukua miezi mingi, na likiwa limezama huweza kupindukia mwaka. Ikiwa kidole kinatumbukia, hilo ni kovu la kweli: uvimbe wa chunusi umeziharibu nyuzi za kolajeni zinazoishika ngozi, na hazikurudi zote. Na ikiwa kidole kinapanda juu ya kinundu kigumu, khasa kwenye taya, kifua, mabega au mgongo, hilo ni kovu lililotuna, na watu wenye asili ya Afrika hulipata zaidi kuliko wengine.

Tumelirefusha jambo hili kwa sababu sisi wenyewe hatukulijua, na kutolijua kwetu kulimgharimu mtoto wetu.

Mwaka 2016 binti wa dada yetu, aliyekuwa akikaa nasi hapa Uingereza huku akisoma chuo, aliposwa. Mashavu yake yalikuwa na madoa meusi yaliyoachwa na chunusi. Mashimo hayakuwapo ila matatu karibu na sikio. Harusi ilikuwa miezi mitatu mbele. Kwa pupa ya watu wenye harusi tulimpeleka katika nyumba moja ya urembo iliyokuwa ikitangaza taa ya kuondoa makovu. Aliyeishika mashine alikuwa mpole na mwenye maneno mazuri. Hakuuliza ngozi ya binti huyu ikijeruhiwa hupona vipi, wala hakujaribu kwanza mahali padogo nyuma ya sikio. Tulilipa paundi 180. Usiku ule mashavu yalivimba. Asubuhi kulikuwa na malengelenge yaliyojipanga miraba miraba, mithili ya alama za pasi, na baada ya wiki mbili kila mraba ulikuwa mweusi kuliko madoa tuliyokwenda kuyaondoa. Siku ya harusi alikaa na mtandio umeshushwa mpaka juu ya pua, na picha za siku ile hajazitundika ukutani mpaka leo.

Baadaye daktari bingwa wa ngozi alitufahamisha lililotokea. Taa zile hutafuta rangi. Katika ngozi nyeupe mwanga hupita tabaka la juu na kuifikia rangi iliyokusudiwa. Katika ngozi kama zetu rangi imejaa tangu tabaka la juu, basi mwanga huishia hapo hapo, hugeuka joto, na joto huunguza. Madaktari huzipanga ngozi kwa kipimo alichokianzisha Thomas Fitzpatrick wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1975. Mwanzo kipimo hicho kilikuwa na daraja nne tu, na kiliwekwa kwa ajili ya watu weupe. Daraja ya tano na ya sita, za ngozi ya kahawia na nyeusi, ziliongezwa baadaye. Wengi wetu tumo katika hizo mbili zilizochelewa kualikwa. Kwa hiyo mtu akitaka kukuwekea mashine usoni, mwulize mambo mawili kabla ya kuuliza bei: amekwisha kuwatibu watu wangapi wenye ngozi kama yako, na je, picha zao za kabla na baada anazo? Akibabaika, chukua mkoba wako uondoke.

Sasa tuje kwenye tiba. La kwanza ni kuzizuia chunusi zenyewe, kwani mtu hapaki chokaa nyumba ambayo paa lingali likivuja. Hili daktari wako wa kawaida analiweza. Aghalabu huanza na jeli ya adapalini iliyochanganywa na benzoili peroksaidi, ipakwe usiku kidogo kidogo, na isihukumiwe kabla ya wiki 12. Wengi huiacha wiki ya tatu kwa sababu inakausha na kuwasha. Tahadhari moja ambayo hatukuiona ikiandikwa kwa ajili yetu: benzoili peroksaidi huchujua nguo. Imekwisha kuziharibu foronya zetu mbili na buibui moja jipya. Ilale kwenye foronya nyeupe, na asubuhi uso uoshwe vizuri kabla ya kufunga mtandio. Adapalini haitumiwi na mwenye mimba. Asidi ya azelaiki aghalabu huruhusiwa kwake baada ya kumwuliza daktari, nayo ina faida mbili, hutibu chunusi na hupunguza doa.

Chunusi zikiwa kali, zenye mafundo na zenye kuacha mashimo, daktari wa ngozi huweza kutoa vidonge vya isotretinoini. Hiyo ni dawa yenye nguvu na yenye masharti. Humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo kila mwanamke huulizwa habari za mimba na hupimwa. Tumewasikia wazazi waliokasirika binti yao asiyeolewa alipoulizwa hayo. Si tuhuma, wazazi wenzetu. Ni kanuni ya dawa. Aidha, mwezi Oktoba 2023 hapa Uingereza iliwekwa kanuni kwamba mwenye umri chini ya miaka 18 asipewe dawa hii mpaka wataalamu wawili wakubaliane, na wote huulizwa juu ya huzuni na hali ya moyo. Jawabuni kwa ukweli. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, basi katika Ramadhani huchukuliwa wakati wa futari au daku. Vidonge hivi huwa na ganda la jelatini: mwulizeni mfamasia imetokana na mnyama gani, kisha mwulizeni sheikh wenu hukumu yake. Hali kadhalika suala la kuitibu sura kwa sindano na mashine tunawaachia wanazuoni, ambao hutenganisha baina ya kuondoa kasoro na kujibadilisha kwa mapambo.

Madoa matupu hayahitaji mashine. Yanahitaji subira, azelaiki, na kinga ya jua, naam, hata kwa mtu mweusi, na hata katika jua hili la Uingereza linalotoka kwa kuomba ruhusa. Ngozi nyeusi hudhurika pia na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, na krimu nyeupe za jua hauzuii mwanga huo vizuri. Iliyo bora ni ile yenye rangi, iliyotiwa oksaidi ya chuma.

Hapa hatuna budi kusema juu ya vile vikopo vinavyokuja ndani ya masanduku kila jamaa anaporudi kutoka safari. Mkorogo haufuti doa. Ndani yake mara nyingi mna haidrokwinoni isiyopimwa, au zebaki, au steroidi kali, na pengine vyote vitatu. Steroidi hung'arisha uso kwa wiki chache, kisha huleta chunusi mpya na ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuigeuza ngozi ikawa ya samawati iliyochanganyika na weusi, jambo ambalo madaktari wa Afrika Kusini walilieleza tangu mwaka 1975, na nchi ile ikayapiga marufuku malai hayo mwaka 1990. Daktari huweza kuiandika haidrokwinoni kwa kipimo na kwa muda mfupi. Duka la nywele haliwezi.

Na ya nyumbani? Singo na liwa tunavipenda kama mnavyovipenda, lakini mwari mwenye chunusi mbichi asisuguliwe usoni, kwani kila msuguo ni doa jipya. Ndimu usoni kisha jua huunguza. Mafuta ya nazi ya nywele yakiteremka kwenye paji huziba vitundu vya ngozi. Fungeni nywele nyuma na mpanguse paji kabla ya kulala.

Tumefika kwenye mashimo. Yapo membamba na ya kina, kama aliyechomwa sindano. Yapo mapana yenye kingo zilizosimama, kama ya tetekuwanga. Na yapo yaliyoinama taratibu yakaufanya uso kuwa na mawimbi. Kila namna ina tiba yake, na asemaye ana mashine moja ya kutibu yote hasemi kweli. Membamba hutiwa tone la asidi kali ndani ya shimo peke yake, njia iliyoelezwa na madaktari wa Korea mwaka 2002, au hukatwa na kushonwa. Ya mawimbi huwa yamevutwa na nyuzi kutoka chini. Daktari hutia ganzi, huingiza sindano na kuzikata nyuzi hizo, na uso huwa na wekundu wa damu iliyovilia kwa siku kadhaa. Kwa mapana na yasiyo na kina sana kuna vijisindano vidogo vinavyotobolewa kwa wingi ili ngozi ijenge kolajeni mpya. Kwa kuwa vijisindano havitumii mwanga, huwa na hatari ndogo zaidi kwa ngozi zetu, ila havifai kwa mwenye makovu yanayotuna. Leza zipo, na tangu mwaka 2004 zipo zile zinazotoboa vijishimo vidogo na kuacha ngozi nzima katikati. Mkono mzoefu huzitumia hata kwa watu weusi, kwa nguvu ndogo na mara nyingi zaidi. Tiba hizi hurudiwa mara tatu au zaidi, kwa kupishana wiki kadhaa, na matunda yake huonekana baada ya miezi. Hupunguza, hazifuti.

Lililotuna lisikatwe ovyo, kwani hurudi kubwa zaidi. Huchomwa sindano za steroidi ndani yake kidogo kidogo mpaka lilale.

Ama gharama, huduma ya serikali hapa mara nyingi huyahesabu makovu kuwa ni urembo. Lakini mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2021 unasema kwamba makovu makubwa yaliyobaki mwaka mzima baada ya chunusi kwisha ni haki kupelekwa kwa bingwa. Mtajieni daktari wenu mwongozo huo kwa adabu.

Binti yetu alionana na bingwa mwaka 2018. Miraba ilififia kwa azelaiki na krimu ya jua, ikachukua karibu miaka miwili. Yale mashimo matatu yalipigwa vijisindano mara nne. Mawili ukiyatafuta utayaona, la tatu halionekani.

Kwa mama wa kijana anayetawadha gizani: chunusi zake, kama ulivyotueleza, zingali mbichi na zina mafundo, kwa hiyo mchukulie miadi wiki hii, wala usingoje mitihani ya skuli imalizike. Mwombe daktari asimrudishe na jeli tu ikiwa mashimo yameanza. Na akiona haya kusema mbele yako, mngoje nje kwenye viti.