Kuvumilia, Kustahamili na Kuchukuliana: Ni Nani Anayebeba Mzigo?

Utangulizi

Aghalabu kamusi za Kiswahili hufafanua kitenzi vumilia kwa stahimili, na stahimili kwa vumilia, na msomaji akabaki akizunguka baina ya vidahizo viwili. Ada hiyo imepokewa madarasani, na kutoka madarasani imeingia katika tafsiri na katika hotuba. Makala haya yanashikilia kwamba maneno ya kundi hili hayalingani, na kwamba tofauti zake si suala la ufasaha peke yake. Kila neno hueleza ni nani aliyeelemewa, kwa kadiri gani, na kama alikuwa na hiari. Neno likitumiwa mahali pasipo pake, mwenye nguvu na asiye na nguvu huonekana kuwa sawa, ilhali si sawa.

Tofauti za maana

Makoongwe ni kisiwa kidogo kinachokabili mji wa Mkoani, Pemba. Mkaazi wake anayetaka kwenda Mkoani, kwa soko au kwa matibabu, hana budi kuvuka maji kwa chombo. Maisha ya kisiwa cha namna hiyo yanatosha kuyapambanua maneno manne ya msingi.

Chombo huhimili watu na mizigo kwa kadiri yake, kikizidishiwa, huzama. Kuhimili, basi, ni suala la kipimo. Neno hili halimsifu wala halimlaumu mtu, na ndiyo sababu hutumika vyema kwa nguzo, kamba na daraja. Abiria aliye pwani husubiri maji yajae. Kusubiri ni suala la muda, na ndani yake mna tarajio, kwa kuwa maji yatajaa. Methali isemayo subira yavuta heri imesimama juu ya tarajio hilo. Mgonjwa anayevushwa kwenda hospitali hustahamili maumivu, yaani hujizuia asishindwe nayo. Neno linaelekea zaidi kwenye uthabiti wa mtu mwenyewe. Mke wa mvuvi aliyekwenda dago, akabaki na watoto na riziki ya kubahatisha, huvumilia. Hapa neno linaelekea kwenye uchungu wa jambo lenyewe, na kwenye ukweli kwamba anayeuonja hana uwezo wa kuuondoa.

Mipaka hii si kuta. Methali moja husikika kwa sura mbili, mvumilivu hula mbivu na mstahamilivu hula mbivu, na hakuna anayeona kosa. Mabwana shamba husema mhogo unavumilia ukame, ingawa mhogo hauonji uchungu. Hata hivyo, ukanushi huzidhihirisha tofauti. Asemaye "sihimili" anakiri kwamba nguvu zake zimefika ukomo. Asemaye "sivumilii" anatangaza kwamba hakubali. Wa kwanza anaomba apunguziwe mzigo. Wa pili anautua.

Asili ya maneno nayo yafaa izingatiwe. Himili na stahimili, ambalo Zanzibar husikika zaidi kama stahamili, yametokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, na mzizi huohuo umetupa neno hamali. Subiri limetoka katika mzizi mwingine, wenye maana ya kujizuia na kuwa na saburi; maana ya kungoja leo ndiyo iliyotangulia katika matumizi ya Kiswahili.

Athari ya tafsiri

Kiingereza nacho kina kundi lake. 'Bear' na 'endure' yako karibu na kustahamili na kuvumilia. 'Put up with' ni kuvumilia kero ndogondogo, pamoja na kunung'unika. Neno lenye kuleta matatizo ni 'tolerate'. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubeba, lakini katika historia ya Uingereza lilihamia upande wa mtawala. Sheria ya mwaka 1689 iliyobeba jina hilo iliwaruhusu Waprotestanti waliojitenga na kanisa la taifa waabudu kwa namna yao, na ikawaacha Wakatoliki nje ya ruhusa hiyo. Aliyevumilia hapo alikuwa dola. Angeweza kukataza, akaamua asikataze. Msingi wa neno hilo, basi, ni uwezo wa kukataza, na msingi wa vumilia ni kukosa uwezo wa kuondoa. Maneno haya mawili yanapofanywa kuwa sawa, maana hupinduka.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1995 kuwa mwaka wa kuhimiza jambo hilo, na tarehe 16 Novemba mwaka huo UNESCO ikapitisha azimio la misingi yake. Katika Kiswahili dhana hiyo imezoeleka kuitwa uvumilivu: uvumilivu wa kidini, uvumilivu wa kisiasa. Matokeo yake ni kwamba mwenye mamlaka anayemwacha mwenzake aseme au aabudu husifiwa kwa neno la mtu aliyeteseka, kana kwamba haki ya mwenzake ni maumivu kwake.

Ushahidi wa mchanganyiko huu umo katika lugha ya viongozi. Husemwa mara kwa mara kwamba "Serikali haitavumilia" uzembe, fujo au ubadhirifu. Hapo vumilia linabeba maana ya Kiingereza, yaani kuruhusu. Kisha, maji au umeme ukikatika, wananchi huombwa "wawe wavumilivu". Hapo neno limerudi kwenye maana yake ya asili. Kitenzi kimoja hukanushwa kwa ajili ya mkubwa na huamriwa kwa ajili ya mdogo. Kiswahili hakikuwa na dhiki ya maneno hata pafikiwe hapo: haitakubali, haitaruhusu na haitafumbia macho yangetosha.

Yamkini kutatolewa hoja kwamba lugha ni mazoea, na kwamba maana mpya ikishaenea haina wa kuizuia. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Lakini mazoea ya wasemaji wenyewe hayaelekei upande mmoja tu, na Zanzibar ni mfano. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995 na ule wa mwaka 2000, na baada ya watu kuuawa Pemba mwezi Januari 2001, neno lililopewa makubaliano ya vyama lilikuwa muafaka. Mazungumzo yaliyoanza Novemba 2009, na kufuatiwa na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyoridhia serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66 hivi, yaliitwa maridhiano. Muafaka unahitaji pande mbili. Maridhiano yana kiambishi cha kutendana ndani yake, na hayawezi kuwa ya upande mmoja. Neno uvumilivu halikuchaguliwa kuwa jina la suluhu hizo, na haikuwa kwa sababu halijulikani. Watu walioambiwa wavumilie kwa miaka mingi wanajua kwamba kuvumilia hakumlazimishi mwenziwe chochote.

Hitimisho

Pana mambo mawili ya kutendwa. Kwanza, watunga kamusi, na hasa BAKITA na BAKIZA wenye dhamana ya usanifishaji, waache kuyafafanua maneno haya moja kwa jingine. Kila kidahizo kioneshe nani hutumia neno hilo, kwa jambo gani, na ukanushi wake una maana gani. Wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta mada wangefanya vyema kukusanya data za matumizi katika lahaja, Kipemba kikiwamo, kabla ya tofauti hizo kufutwa na lugha ya vyombo vya habari.

Pili, wafasiri wapime uhusiano wa watu kabla ya kuchagua neno. Pale ambapo mmoja ana uwezo wa kukataza, aseme ameruhusu au ameridhia. Pale ambapo watu wa dini au vyama mbalimbali wanaishi pamoja, kuvumiliana ni afadhali kuliko kuvumilia, kwa kuwa mnyambuliko wa kutendana hugawa dhima. Lililo bora zaidi ni kuchukuliana. Hili nalo, kama himili na kama kile kitenzi cha Kilatini, lina asili ya kubeba. Lakini umbo lake halikubali hamali mmoja. Kila upande hubeba, na kila upande hubebwa. Dhana inayotafutwa kwa neno uvumilivu imo humo, na imekuwamo katika Kiswahili kabla ya azimio la mwaka 1995.